Tundu la Mjerumani na Kifusi Chake

Katika wilaya nyingi za Tanzania Bara utakuta shamba lenye tundu ambalo mwenye shamba hakulichimba, wala baba yake. Liko ubavuni mwa kilima, mdomo umezibwa na vichaka, ndani kuna popo na unyevu, na ukiuliza ni la nani utaambiwa ni la Mjerumani. Kinachofuata ni habari ya mali. Husimuliwa kwamba Wajerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, walifukia humo dhahabu, rupia na zebaki nyekundu, wakachora ramani, wakaondoka wakitumaini kurudi. Kwa ajili ya masimulizi hayo watu wameuza ng'ombe, wamelipa waganga na wamekesha na sululu. Zebaki nyekundu tuiweke kando mapema: kitu hicho chenye nguvu za ajabu hakijawahi kuthibitishwa popote duniani, na anayekiuza anauza maneno. Dhahabu na rupia ni jambo jingine, kwa kuwa zilikuwapo kweli, na anayezitafuta anastahili kujibiwa kwa hoja. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya matundu hayo ni migodi ya majaribio iliyoshindwa, na kwamba ushahidi mzuri kuliko wote umelala nje, pale ambapo mtafuta mali husimama kuwasha tochi yake.

Ushahidi huo ni kifusi. Mwamba uliotolewa ndani hauyeyuki. Hulundikwa mbele ya mdomo au humwagwa bondeni, na miaka mia moja baadaye bado upo, umeota nyasi na kuonekana kama sehemu ya kilima. Tuchukue njia ya chini yenye upana wa mita 1, kimo cha mita 1.8 na urefu wa mita 20. Humo zimetoka mita za ujazo 36 za mwamba mzima. Mwamba ukivunjwa huvimba, kwa kadiri ya nusu yake, hivyo nje tutarajie mita za ujazo 54 hivi, yaani malori manane ya kawaida. Ikiwa kifusi kinalingana na kinachoonekana ndani, basi hakuna dalili ya chumba cha siri. Kikizidi sana, kuna tawi lililoporomoka au kuzibwa, na linafaa kutafutwa. Mtu atasema mvua huchukua udongo na majirani huchukua mawe ya kujengea. Ni kweli, ndiyo maana kipimo hiki hutoa kiwango cha chini tu. Lakini madai ya kawaida ni kwamba njia inakwenda kilomita nyingi na kutokea boma au ng'ambo ya mlima, na kazi ya namna hiyo ingeacha kilima cha pili. Hata mapango yasiyochimbwa na mtu hupunguka yakifikiwa na kamba ya kupimia: ya Amboni, karibu na Tanga, yalisemwa kufika Mombasa na hata Kilimanjaro, na wapimaji walioyapitia mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote lina mita 900 hivi.

Kuta nazo zinasema. Mgodi wa zamani ulichimbwa na watu wawili wawili, mmoja akishika tindo ndefu, mwingine akipiga nyundo, mpaka tundu la baruti lifike kina chake. Baruti ikilipuka, nusu ya tundu hilo hubaki ukutani kama mfereji mfupi. Tindo ya mkono huacha mfereji usio mviringo kamili. Mashine ya kutoboa, iliyokuja baadaye, huacha mrefu ulionyooka. Sakafu hupanda kidogo kuelekea ndani ili maji yatoke yenyewe na toroli lililojaa lisisukumwe mlimani. Zaidi ya yote, njia haiendi ovyo: inafuata utepe wa mawe meupe, mshipa wa kwatzi, na pale utepe unapokatika njia nayo hukoma, mara nyingi baada ya kutapatapa kushoto na kulia. Mtu anayechimba maficho hana sababu ya kufuata kwatzi. Wala hana sababu ya kuajiri vibarua wengi wa vijiji vya jirani, kulipua baruti mchana na kuacha lundo la mawe mlangoni, kisha aiite siri.

Kwamba Wajerumani walitafuta madini kwa bidii hakuna anayebisha. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwao tangu 1898, ingawa mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulikuja wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1930, ukafanya kazi hadi 1966. Sekenke, huko Iramba, ilianza kutoa dhahabu mwaka 1909. Katika milima ya Uluguru walichimba ulanga. Hayo ndiyo majina yaliyobaki vitabuni kwa sababu yalilipa. Lakini kwa kila mgodi unaolipa, watafutaji hufungua sehemu nyingi zisizolipa: wanachimba mita chache, wanasaga mawe, wanapima, wanahama. Matundu ya kushindwa lazima yawe mengi kuliko ya kufaulu, na hakuna mtu anayeuandikia kitabu mgodi wa mita 15 ambao haukutoa kitu. Tena jina la Mjerumani limemeza kazi za wengi. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ilivuta wachimbaji kuanzia 1922, Wajerumani wakiwa wameshapoteza koloni. Bei ya dhahabu ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, wachimbaji wa kila taifa walitawanyika kote. Bila shaka matundu mengi yanayoitwa ya Mjerumani yalichimbwa miaka kumi na zaidi baada ya bendera yake kushushwa, na alama ya mashine ukutani inaweza kutoa dokezo la hilo kwa dakika chache.

Pingamizi lenye uzito linatoka Tabora. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na manowari za Waingereza na pesa zimekauka, Wajerumani walipiga sarafu katika karakana ya reli ya mji huo. Nyingi zilikuwa heller za shaba nyeupe na nyekundu zilizopigwa kwa haraka, lakini walipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji. Basi dhahabu ilikwenda wapi? Swali ni halali, na jibu lake la kwanza ni hesabu. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu halisi. Zote kwa pamoja zina uzito wa kilo 116 hivi. Ni mizigo ya wapagazi wanne. Zikiyeyushwa zinaenea katika ndoo ya lita 10. Nazo hazikupotea zote, kwa maana zilitumika kulipia, na hadi leo zinauzwa kwenye minada ya sarafu ng'ambo. Hata tukikubali kwamba fungu fulani lilifukiwa mahali, fungu hilo linatosha chini ya kizingiti cha nyumba. Kulichimbia handaki la mita 20 katika mwamba, wakati adui yuko nyuma kwa mwendo wa siku chache, ni kazi ambayo hakuna ofisa mwenye akili angeiagiza.

Pingamizi jingine huletwa na wazee, na si la kudharauliwa. Wanasema babu zao walibeba masanduku mazito kutoka mashimoni, Mzungu akiwa nyuma, na hawakuruhusiwa kuyafungua. Naamini walibeba. Kati ya 1909 na 1913, huko Tendaguru katika Lindi, Wajerumani walichimba mashimo na kutoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Mifupa ilipakiwa vizuri, ikabebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini, ikapelekwa Berlin, na mjusi mmoja wa huko anasimama leo katika jumba la makumbusho akiwa na kimo cha mita 13. Tazama jinsi kila kipande cha simulizi kinavyotimia: mashimo, masanduku, uzito, usiri kwa asiyeelezwa. Kumbukumbu ilikuwa sahihi. Dhahabu iliongezwa baadaye na watu ambao hawakuweza kuamini kwamba Mzungu angelipa fedha nyingi hivyo kusafirisha mifupa. Na kwingine masanduku yalikuwa ya baruti, risasi, vyombo vya kupimia au mawe ya kupeleka maabara. Jambo linalonisumbua zaidi katika hadithi ya mali iliyofichwa ni kwamba inamfanya mkoloni aonekane aliacha utajiri hapa. Katani, mpira na pembe za ndovu viliondoka kwa meli, mchana kweupe, kwa hati za forodha.

Je, Wajerumani hawakuficha kitu kabisa? Walificha. Mwaka 1916 waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, karibu na Kigoma, mitambo ikiwa imepakwa mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza safari kwa jina la Liemba. Huu ni mfano mzuri wa maficho ya kweli: yalifanywa kwa haraka, kwa kitu kisichobebeka, na mahali palijulikana. Kuhusu wageni wa Kijerumani wanaosemwa kurudi na ramani kutafuta mali hiyo, ramani za jiolojia zilikuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya watafuta madini, na makaburi ya vita yana ndugu wanaoyazuru.

Swali la nani ana haki juu ya tundu ni zito kuliko la dhahabu. Tuanze na jirani: mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi yao ya akiba milele, na kwamba kipande kikichukuliwa wapewe kingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Kufika mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa ili machimbo yasidai ardhi ya fidia. "Milele" ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman, hukohuko Kakamega, ulifanya kazi hadi 1952, na njia zake bado ziko chini ya ardhi wanayoishi watu. Upande wa Tanzania, ardhi ni ya umma na madini ni ya dola. Mwenye shamba ana haki ya kutumia uso wa nchi, hana ruhusa ya kuchimba bila leseni, hata katika tundu lililo nyuma ya choo chake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda moja kwa moja majengo na machimbo ya kabla ya 1863 tu, kwa hiyo mgodi wa 1909 hauna kinga mpaka utangazwe rasmi.

Katika pengo hilo la sheria ndipo watafuta mali wanapoingia na baruti mpya, wakibomoa alama za tindo ukutani na kutawanya kifusi, yaani wakiufuta ushahidi pekee ambao ungewaambia waende nyumbani. Wengine hawarudi: mihimili ya mbao ya zamani imeoza, visima vya wima vimejaa maji yanayofanana na sakafu, na hewa nzito isiyo na oksijeni hukaa chini bila harufu. Mwenye shamba hawezi kuchimba, lakini bado yeye ndiye anayeamua nani akanyage shamba lake. Anaweza kumkatalia mwenye ramani, na anaweza kumwomba mpima wa wilaya aanze na lile lundo la mawe lililoota nyasi, kabla sululu yoyote haijapita mlangoni.