Fthinoporo na Vuli

Katika majina ambayo Wayunani huyaitia majira ya mwaka, lipasalo kutazamwa kwa makini ni fthinoporo, yaani kipindi kianziacho Septemba na kukoma Novemba. Asili yake ni maneno mawili ya kale: la kwanza lina maana ya kufifia, na la pili, opora, lilikuwa jina la msimu mzima wa matunda, mwishoni mwa joto kali, zabibu na tini ziivapo. Fthinoporo, basi, ni wakati wa opora kufikia ukingoni.

Wafasiri wetu aghalabu huandika "majira ya kupukutika majani", na tafsiri hiyo yafaa sana kwa nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako misitu hubaki mitupu. Lakini kwa Uyunani naona haitoshi, kwani mzaituni, mti wenye taadhima kuliko yote nchini humo, hukaa na majani yake mwaka mzima, na jina lenyewe halitaji jani, lataja tunda.

Fauka ya hayo, matunda yafifiapo kazi ya shamba ndiyo kwanza huanza. Mshairi Hesiodos, aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya Masihi, alimwusia mkulima achume zabibu nyota ya Arkturo ichomozapo alfajiri, kisha ashike plau Kilimia kizamapo; na sisi wa pwani, tulioliita kundi hilohilo la nyota kwa jina litokanalo na kulima, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Hata leo, katika lugha ya mashambani, Septemba ni mwezi wa mchumo wa zabibu, Novemba ni mwezi wa kupanda mbegu, na Oktoba 26, sikukuu ya Mtakatifu Dimitrios, ndiyo siku ambayo kwa desturi wachungaji huteremsha mifugo kutoka milimani na watu huonja mvinyo mpya. Kati ya hayo yote hurejea mvua, baada ya kiangazi kirefu kisicho na tone.

Madhali mvua hurudi na mbegu hutiwa ardhini katika miezi ileile takriban ambayo kwetu hunyesha mvua za vuli, mimi nashika neno hilo, vuli, kuwa ndilo tafsiri ya fthinoporo. Na pale habari inapohusu mizabibu, ambapo kufifia kwa opora ndiko kukusudiwako, mfasiri na aongeze "mwisho wa matunda", ili msomaji asikose nusu ya maana.