Kifafa na Sinia: Usambara, Bethel na Geel

Lutindi, katika Milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Haikupita miaka kumi ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hadi leo ipo mikononi mwa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao makuu Lushoto. Wamisionari walioihudumia walitoka Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa.

Friedrich von Bodelschwingh, aliyekabidhiwa Bethel mwaka 1872, aliona kwamba mwenye kifafa anahitaji kazi sawasawa na anavyohitaji kitanda. Lutindi ikarithi wazo hilo: mgonjwa hushika jembe, huingia karakana, huonekana ana manufaa. Huo ni ukarimu wa kumwamini mtu ambaye wengine wamekwisha kumfuta.

Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na njia yao. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme wa Wasambaa, alichunguza pia uganga wa milimani, akaonyesha kuwa aamuaye tiba si mgonjwa peke yake wala si mganga. Ndugu na majirani hukaa, hushauriana, huamua aende kwa mganga au hospitali, nani amsindikize, nani abaki na watoto. Bethel ilimhamishia mgonjwa kwenye jamii iliyoundwa kwa ajili yake; Usambara ilimwacha alipo, ikapanga upya shughuli za waliomzunguka. Sioni sababu ya kuitukuza moja na kuibeza nyingine. Ya kwanza huwapokea wasio na ndugu. Ya pili haimtengi mtu na nyumbani kwake.

Lakini ndugu nao huogopa. Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa karibu mwaka 1960. Aliwakuta wakila katika vyombo vyao peke yao, kwa kuwa mate yao yalidhaniwa kuambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto: walianguka jikoni, na wenzao wakaogopa kuwagusa. Vidonge vilipunguza degedege. Kumrudisha mgonjwa kwenye sinia moja na wenzake hakungewezekana kwa vidonge pekee. Kulihitaji mtu wa nyumbani athubutu kunawa na kula naye. Kwangu mimi, tendo hilo dogo linastahili kuhesabiwa ndani ya tiba.

Kuna mahali ambapo nafasi hiyo mezani hutolewa na wasio ndugu: Geel, mji wa Ubelgiji, una desturi ya kuwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwa watu tangu enzi za kati. Miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,000. Familia huwaita wapangaji, na kwa kawaida haiambiwi jina la ugonjwa. Usambara mwenye kuuguza ni ndugu, anajua kila kitu tangu mgonjwa alipozaliwa. Geel ni mgeni asiyejua, na kutojua huko humpa mpangaji nafasi ya kuanza upya. Wote wawili hawasubiri apone ndipo wamtengee nafasi mezani.

Tofauti inayonisumbua ni ya fedha. Familia ya Geel hulipwa posho na serikali, na mwaka 2023 UNESCO iliitambua desturi yao. Mama wa kijijini Usambara anayemuuguza mwanawe kwa miaka, akikatiza palizi kila mwana anapoanguka, haoni posho kama hiyo.