Mtangazaji wa Sanaa kama Mhariri: Radio Tanzania na Matini za Nyimbo, 1965–1993

Historia ya fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 imeandikwa zaidi kwa kufuata vitabu na magazeti. Wahariri wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, wamepewa nafasi yao. Mtangazaji wa sanaa wa redio ya umma hutajwa kwa nadra. Makala haya yanadai kuwa naye alikuwa mhariri, na kwamba kanda alizoziacha zisomwe kama matini zilizohaririwa.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikawa shirika mwaka 1956, kisha mwaka 1965 ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya ndani. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Kwa bendi nyingi, njia ya kumfikia msikilizaji ilipita katika studio ya Barabara ya Pugu.

Njia hiyo ilikuwa na vichujio vitatu. Kwanza, maneno ya wimbo yaliwasilishwa kwa kamati kabla ya kurekodiwa, nayo yaliweza kukataliwa au kurekebishwa. Pili, kurekodi kulibana katika dakika chache wimbo ambao ukumbini ungerefushwa kadiri wachezaji walivyotaka. Tatu, mtangazaji aliutambulisha wimbo hewani, hivyo akamwelekeza msikilizaji namna ya kuuelewa.

Athari yake kwa uhakiki si ndogo. Mafumbo ya nyimbo za dansi yamezoeleka kuelezwa kama urithi wa ushairi wa Pwani. Maelezo hayo yana mashiko, lakini hayatoshi: mtunzi aliyejua kuwa maneno yake yatapita mbele ya kamati alikuwa na sababu ya ziada ya kufumba.

Hivyo basi, mtafiti anayenukuu kanda hizo, ambazo sasa zimo chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, hanukuu sauti ya mtunzi peke yake. Aidha, uhifadhi unaonakili wimbo na kuyaacha maneno ya mtangazaji huuondolea wimbo huo ushahidi wa namna ulivyopokelewa. Kanda za sumaku huchakaa. Kinachoachwa leo huenda kisipatikane tena.