Gome la kwinini na asili ya tiba ya homeopathi

Tiba ya homeopathi, yenye wafuasi Ulaya, India na hata Afrika Mashariki, ilichipuka kutokana na gome la mti lililotumika kutibu malaria. Gome hilo hilo liliwahi kutegemewa katika milima ya Usambara, ila kwa fikra tofauti kabisa.

Mwaka 1790 daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha tabibu wa Scotland, William Cullen. Cullen alieleza kuwa gome la mti wa kwinini hutibu homa kwa uchungu na ukakasi wake. Hahnemann hakuridhika. Akiwa mzima wa afya, alilimeza gome hilo kwa siku kadhaa, na mwili wake ukaonyesha dalili mithili ya homa. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kimponyacho mgonjwa mwenye dalili hizo. Aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1796, na kuifafanua kwa kirefu mwaka 1810 katika kitabu chake, Organon.

Kanuni ya pili ilihusu kipimo. Tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au pombe na kutikiswa kwa nguvu. Kisha tone la mchanganyiko huo huchanganywa upya vivyo hivyo. Wafuasi husema dawa huzidi nguvu kila izimuliwapo. Lakini kwa hesabu za kemia, ifikapo hatua ya 13 ni nadra kubaki hata molekuli moja ya dawa ya awali, ilhali nyingi hufikishwa hatua ya 30.

Hata hivyo tiba hiyo ilienea, na si ajabu. Madaktari wa zama hizo waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa zebaki. Aliyepewa matone yasiyo na kitu, akapumzika na kula, angalau aliepuka madhara ya tabibu.

Gome lenyewe lilishika njia nyingine. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka ndani yake. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara, walikoanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na manowari za Uingereza kuifunga pwani, Amani ilitengeneza kwinini kwa majeshi ya Lettow-Vorbeck. Kilichookoa maisha huko ni wingi wa dawa, si uchache wake.

Mjadala huo haukuishia vitabuni. Mwaka 2009, kufuatia barua ya madaktari na watafiti vijana waliohofia kuenea kwa homeopathi katika nchi maskini, Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dhidi ya kuitumia kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi na kuhara kwa watoto wachanga.

Dawa mseto itumikayo sasa Tanzania na Kenya nayo asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina. Lakini hupimwa kwa uzito wa mtoto, na hutakiwa mapema: malaria kali yaweza kumuua mtoto katika siku moja au mbili, muda ambao matone matupu huupoteza.