Wosia wa Mwanafunzi Mpya: Kutoka Lusenda hadi Chuo Kikuu, 1954 hadi Leo

Kila jamii iliyowapeleka watoto wake kusoma mbali imewapa kitu cha kubeba zaidi ya unga na nguo. Katika vijiji vilivyojipanga kando ya Ziwa Tanganyika baina ya Uvira na Baraka, Lusenda kikiwa kimojawapo, kitu hicho ni wosia. Anayekwenda chuoni huketishwa na wazee wake kabla ya safari, akaelezwa namna ya kuishi na watu asiowajua, namna ya kutunza fedha, na hasa namna ya kusema. Maneno hayo hayakuandikwa, na pengine ndiyo sababu wanahistoria wa elimu wameyapita bila kuyatazama. Hata hivyo, yakiwekwa kando ya tarehe za historia ya vyuo vya Kongo, yanajifunua kuwa yana historia yake. Kila kizazi kiliagwa kwa wosia uliotokana na chuo kilichokuwapo, njia iliyokuwapo na vita vilivyokuwapo. Nasaha moja tu imepita vizazi vyote bila kugeuka: kwamba Kifaransa kisomwe kwa bidii, kwa kuwa Kiswahili mtoto anacho tayari. Makala haya yanafuatilia nasaha hiyo, na yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu yake ya pili haina ukweli.

Wabembe, ambao ni wengi katika eneo la Fizi, walikuwa wakishiriki pamoja na Walega chama cha bwami, ambamo mtu alipanda daraja kwa daraja huku akifundishwa kwa methali, kwa ngoma na kwa vinyago. Mgeni hakuingia peke yake. Alikuwa na mlezi wa kumwongoza. Serikali ya Kibelgiji ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake juu ya mlima Amba, nje ya Léopoldville, kikiwa mtoto wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini mfuatano wake unafikirisha. Lovanium nacho kilikuwa na madaraja yake, mavazi yake na lugha yake isiyofahamika kwa walio nje. Kilikuwa hata na jando lake: mwanafunzi mpya aliitwa bleu, na wenyeji wa chuo walimpitisha katika ubatizo wa mzaha na mateso madogo madogo, desturi iliyoletwa kutoka Ubelgiji. Tofauti kubwa ni kwamba katika bwami mgeni alitahiniwa kwa lugha ya mama yake.

Chuo kikuu cha pili kilifunguliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo waliokuwa wamehitimu masomo ya chuo kikuu walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika. Kwa kijana wa mwambao wa ziwa, chuo kilikuwa habari ya mbali. Lakini lugha aliyokuwa nayo haikuwa ngeni kwa dunia. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, walisafiri kutoka Ujiji, bandari ambayo Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya biashara. (Burton aliidhani rasi ya Ubwari kuwa kisiwa, kosa ambalo mvuvi yeyote wa Baraka angelisahihisha kwa kidole.) Kiswahili kilivuka ziwa pamoja na chumvi, nguo na, kwa bahati mbaya, pamoja na biashara ya watumwa. Shule za wamisionari zilipokuja zilikikuta, zikakitumia katika madarasa ya chini, kisha zikakiacha. Ndipo ngazi ya lugha tatu ilipojengeka: Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni, kanisani na katika darasa la kwanza, Kifaransa huko juu.

Ngazi hiyo imetengenezwa na kuvunjwa mara kadhaa. Mageuzi ya mwaka 1962 yalitaka Kifaransa kitumike tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi, wakatetea lugha za taifa ziwe lugha za kufundishia. Sheria ya elimu ya mwaka 1986 na ile ya mwaka 2014 zote zimezipa lugha hizo nafasi katika shule ya msingi. Kwa hiyo kwenye karatasi Kiswahili kilirudi darasani. Lakini hakuna hata moja ya hatua hizo iliyokiondoa Kifaransa katika ukumbi wa chuo kikuu.

Kabla mwambao haujafaidi sana vyuo vipya, vita viliingia. Uasi wa mwaka 1964 uliikumba Uvira mwezi Mei, na milima ya Fizi ikawa ngome yake hata baada ya Baraka kutwaliwa tena na majeshi ya serikali mwishoni mwa mwaka 1965. Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake cha PRP huko milimani mwaka 1967, na maki hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980. Shule zilifungwa, walimu wakatawanyika, familia nyingi zikavuka kwenda Kigoma. Kizazi hicho kilipoteza zaidi ya madarasa. Kijana aliyefanikiwa kufika mjini alibeba jina la Fizi kama tuhuma, na hapana ajabu kwamba miongoni mwa nasaha za wakati huo ilikuwapo ya kutotaja kwao mbele ya askari. Mtu aliyeagizwa kunyamaza kuhusu asili yake hawezi kutazamiwa kuinua mkono darasani.

Mwezi Agosti 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, yaani Lovanium, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani kilichoanzishwa mwaka 1963, kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na damu: tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walipigwa risasi mjini Kinshasa wakiandamana, na wenzao walipotaka kuwakumbuka mwaka 1971, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Katika mpango mpya vitivo viligawanywa baina ya miji. Fasihi na isimu zikahamia Lubumbashi, saikolojia na ualimu zikawekwa Kisangani. Basi aliyetaka kusomea lugha alikwenda Lubumbashi, apende asipende.

Njia yenyewe ilikuwa somo. Msafiri alipanda meli katika bandari ya Kalundu, Uvira, akashuka Kalemie, akapanda garimoshi hadi Kabalo, kisha Kamina, na hatimaye Lubumbashi. Kipande cha reli kati ya Kabalo na Kamina kilikamilika mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo reli ya ziwa na reli ya shaba hazikushikana. Ndiyo maana wosia wa miaka hiyo ulijaa mambo ya njiani: sanduku lifungwe kamba, ndagala wakaushwe vizuri wasivunde, unga wa mihogo utoshe siku za kungojea treni, fedha zishonwe ndani ya nguo. Kuhusu lugha ulisema kidogo, kwa sababu waliobaki nyumbani waliamini kwamba Lubumbashi ni mji wa Kiswahili na mtoto atajisikia kwao.

Hapa ndipo imani ile ilipopata pigo la kwanza. Kiswahili cha Lubumbashi kilikuwa kimekua katika kambi za wafanyakazi wa migodi, miongoni mwa watu wa makabila mengi, mbali na Ujiji. Mgeni aliyetoka ziwani, ambaye usemi wake ulikaribiana na ule wa Kigoma, alisikia bantu banakuya mahali alipotazamia watu wanakuja, na maneno ya Kifaransa yamesukwa katikati ya kila sentensi. Alielewa, naye akaeleweka, lakini alipofungua kinywa alijulikana mara moja kuwa mtu wa kuja. Juu ya hayo kulikuwa na Lingala, lugha ya jeshi na ya watawala. Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990, washambuliaji walipoingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, inasimuliwa kwamba waliokuwa wa upande wao walitambulishana kwa neno la siri, lititi likijibiwa mboka. Usiku huo kujua jibu kulikuwa na thamani kuliko stashahada yoyote.

UNAZA ilikuwa imekwisha kugawanywa tena mwaka 1981, na msaada wa fedha kwa wanafunzi ulififia hadi mzigo ukawaangukia wazazi. Vyuo navyo vikasogea karibu. Bukavu, ambayo tayari ilikuwa na Taasisi ya Juu ya Ualimu, ilipata Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989 na Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika mwaka 1991. Wosia ukaacha habari za meli, ukageukia minervali, kodi ya chumba na bei ya silabusi.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Huko kulitokea jambo linalostahili kutazamwa kwa makini na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Watoto hao walikuwa katika nchi ambayo imefundisha shule zake za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini ndani ya kambi walifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili siku moja diploma yao itambulike kwao. Na kama wangetoka nje ya uzio na kuingia sekondari ya Kitanzania, wangekutana na Kiingereza. Ukiondoa Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam na nyingine chache za namna yake, hakuna upande wa ziwa ambao Kiswahili peke yake kilimfungulia mtu mlango wa chuo.

Mwaka 2015 mambo yakageuka. Machafuko ya Burundi yalipoanza mwezi Aprili, wakimbizi walivuka kuingia Kivu ya Kusini, na kambi ikafunguliwa Lusenda. Baada ya miaka michache ilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Walioikaribisha walikuwa wale wale, au watoto wa wale, waliokuwa wamelala chini ya mahema ya Nyarugusu. Watoto wa Kirundi waliingia katika shule za wenyeji na kufanya mtihani ule ule wa serikali, ambao wanafunzi huuita exetat. Tangu hapo wanaoagwa Lusenda kwenda chuoni ni wa mataifa mawili. Kwa mkimbizi mlango ni mwembamba zaidi. Mpango wa DAFI, unaogharamiwa hasa na Ujerumani tangu mwaka 1992, husomesha wachache, na mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kwamba asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi duniani walikuwa katika elimu ya juu, likaweka lengo la kufikia 15 ifikapo 2030. Lugha inayowakutanisha Mrundi na Mbembe katika benchi moja ni Kiswahili, ambacho kwa wengi wao si lugha ya mama.

Turudi basi kwenye nasaha ya kwamba Kiswahili mtoto anacho. Anacho cha sokoni na cha kanisani. Cha kufikiria masomo hajapewa na mtu. Madhara yake huonekana katika mwaka wa kwanza. Mwanafunzi wa sheria hukariri le droit kwa ufasaha bila kutambua kwamba neno hilo limefunika vitu viwili ambavyo lugha yake imevitenganisha: sheria na haki. Mwanafunzi wa sayansi hukutana na expérience, asijue kama mwalimu anasema jaribio au uzoefu. Katika darasa la historia, histoire yaweza kuwa historia na yaweza kuwa hadithi, na mitihani mingi huharibika katika mwanya huo. Kinyume chake pia kipo. Saussure alitofautisha langue na langage, na Kiswahili kina lugha tu kwa yote mawili. Hapo mwanafunzi hana budi kuunda maelezo yake mwenyewe, na katika kuyaunda ndipo anapolielewa somo. Anayelibeba somo kutoka lugha moja hadi nyingine analazimika kulifungua. Anayelikariri hulirudisha likiwa bado limefungwa.

Wanafunzi wenyewe wamelijua hili siku nyingi. Jioni, baada ya ukumbi kufungwa, mkubwa wa mwaka wa pili hukaa na wageni wawili watatu kuzunguka silabusi moja ya kuazima, na maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili huku istilahi zikibaki katika Kifaransa. Kikundi hicho hakimo katika kanuni yoyote ya chuo, nacho kinafanana na bwami kuliko na Louvain: kuna mlezi, kuna daraja, kuna lugha inayoeleweka. Kama wosia ungerekebishwa, ungemwagiza mgeni akitafute kikundi hicho katika juma la kwanza kabla hajatafuta godoro, aulize neno lisilomwelea siku hiyo hiyo, na kila jioni aandike kwa Kiswahili, mistari mitano tu, alichofundishwa kwa Kifaransa. Mfumo mpya wa masomo ulioanza kuingizwa nchini mwaka 2021, ambao umeyabadilisha yale madaraja ya zamani ya gradua na lisansi, unamdai mwanafunzi kazi nyingi zaidi za peke yake, na kwa sababu hiyo unamwadhibu zaidi anayekariri.

Mwezi Februari 2025 Bukavu ilitekwa na M23, na mwezi Desemba mwaka huo huo vita vikafika Uvira. Njia ya kaskazini ikawa ya mashaka, na mbele ya familia za Lusenda zenye mtoto wa kupeleka chuoni ikarudi ramani ya babu zao: ziwa, Kalemie, reli, Lubumbashi.