Mwongozi wa fanfari na chama chake: uanachama ni kazi, si jina tu

Katika makanisa na shule za Goma fanfari inajulikana na kila mtu. Inatangulia wanafunzi kwenye defile, inapokea wageni wa kanisa, inachangamsha arusi, na siku ya maziko inatembea mbele ya sanduku. Watu wanatambua sauti yake kabla hawajaiona. Lakini ni wachache wanaouliza: yule anayeiongoza alijifunza wapi? Anasaidiwa na nani? Na siku atakapoondoka, nani atashika nafasi yake?

Makala hii inaeleza chama cha kazi cha waongozi wa fanfari: ni kitu gani, vyama vya namna hii vilitoka wapi, vinafaa nini hapa kwetu, na mwanachama anapashwa kufanya nini ili chama kisife. Tunawaandikia waongozi wenyewe, na pia wachungaji, wakubwa wa shule na wazazi, kwa maana fanfari ni mali yao wote.

Kazi ya mwongozi

Mwongozi wa fanfari anabeba kazi nyingi peke yake. Anafundisha watoto solfeji. Anachagua nyimbo na kugawa sauti kwa kila chombo. Anafungua pistoni iliyokwama, anatafuta ngozi ya ngoma, anaomba feza ya ambushuri iliyopotea. Shuleni, mara nyingi yeye ni mwalimu wa Kifaransa au wa hesabu, na fanfari anaifanya baada ya saa za kazi. Mwalimu wa hesabu akipata shida anamwendea mwalimu wa kelasi ya jirani. Mwongozi wa fanfari hana jirani wa namna hiyo. Katika shule nzima yuko yeye tu.

Tuchukue mfano mmoja. Tarumbeta nyingi ni za si bemoli. Mpigaji akisoma do na kuipiga, anayesikiliza anasikia si bemoli ya piano. Saksofoni alto ni ya mi bemoli. Do yake ni mi bemoli ya piano. Basi, wimbo ambao korali inauimba katika gamu ya do, mpiga tarumbeta anapashwa kuusoma katika gamu ya re, na mpiga saksofoni alto katika gamu ya la. Asiyejua jambo hili anaweza kuhangaika miezi mingi, akidhani vyombo vimeharibika au watoto hawana masikio. Anayelijua anaweza kumweleza mwenzake kwa nusu saa. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chama: nusu saa ya mwenzako inaokoa miezi yako.

Chama cha kazi ni nini

Chama cha kazi si fanfari moja kubwa inayomeza fanfari zote. Si sindika kama SYECO, inayotetea mishahara ya walimu. Tena si likelemba, hata kama wanachama wanatoa michango. Ni umoja wa watu wenye kazi moja, wanaokutana ili kila mmoja akaifanye vizuri zaidi pale alipo.

Kwa hiyo mwanachama ni mtu, si fanfari. Mwongozi akihama kutoka Katindo kwenda Ndosho, au kutoka Goma kwenda Bukavu, fanfari yake inabaki nyuma, lakini uanachama wake anakwenda nao. Wakati huu ambapo watu wanahamahama sana, jambo hilo si dogo.

Vilitoka wapi

Neno ni la kisasa, lakini jambo lenyewe ni la kale. Kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya 25, kinahesabu waimbaji na wapigaji waliofundishwa kwa ajili ya nyumba ya Bwana: walikuwa 288, katika zamu 24 za watu 12. Walipiga kura ya zamu bila kutenga mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Na katika sura ya 15, Kenania anapewa usimamizi wa nyimbo kwa sababu alikuwa na ujuzi. Tunaona hapa mambo matatu ambayo chama chochote cha wanamuziki kinayahitaji: ujuzi, zamu, na nafasi ya mwanafunzi karibu na mwalimu.

Katika nyakati zetu, walimu wa muziki wa Marekani walikutana mwaka 1907 katika mji wa Keokuk, jimbo la Iowa. Mwalimu mmoja, Philip Hayden, aliwaita wenzake waje waone namna yake ya kufundisha. Umoja uliozaliwa pale ndio unaoitwa leo National Association for Music Education. Mwaka 1929 Edwin Franko Goldman alianzisha chama cha waongozi wa bendi, American Bandmasters Association, na John Philip Sousa akawa rais wake wa heshima. Shida waliyotaka kuitatua tunaijua na sisi: kila bendi ilikuwa na vyombo vyake, hata muziki ulioandikiwa bendi moja haukufaa nyingine. Mwaka 1953, katika mkutano wa UNESCO mjini Brussels, kikazaliwa chama cha ulimwengu cha walimu wa muziki, ISME. Tukumbuke mwanzo wa Keokuk: mwalimu alifungua mlango wa kelasi yake, akakubali wenzake waitazame kazi yake.

Karibu na kwetu pia kuna mifano. Jeshi la Wokovu lilifika Léopoldville mwaka 1934, likiwa na desturi yake ya fanfari. Wakimbangu wana fanfari yao inayojulikana kwa jina la FAKI, na mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha Kinshasa orkestra yao ya simfoni. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, wapigaji wakavipokezana, na aliyejua kidogo akamfundisha asiyejua. Tanzania, Walutheri wana bendi zao za matarumbeta, desturi iliyotoka kwa wamisionari Wajerumani. Kenya, mashindano ya muziki yaliyoanza mwaka 1927 yanawakutanisha walimu na wanafunzi wa shule kila mwaka, na kila mmoja anasikia kazi ya mwingine.

Sababu gani Goma inakihitaji

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikafika karibu na uwanja wa ndege. Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini. Kila mara watu walikimbia, nyumba zikaachwa wazi, shule zikafungwa. Katika siku kama hizo hakuna anayekimbia na tuba mgongoni.

Lakini tarumbeta ikipotea, inaweza kununuliwa nyingine. Kilicho kigumu zaidi kurudisha ni ujuzi. Fanfari ambayo ujuzi wake wote uko katika kichwa cha mtu mmoja inakufa siku mtu huyo anapokimbia, anapougua au anapoitwa na Bwana. Nyimbo alizoandika kwa mkono zinaliwa na panya. Watoto aliowaanzisha wanarudi nyumbani. Mwongozi mpya anaanza na do, re, mi, kama vile hapakuwa na kitu.

Chama kinaweza kuzuia hasara hiyo. Kinaweza kutunza nakala ya nyimbo za kila mwanachama katika nyumba zaidi ya moja, na picha zake katika simu zaidi ya moja. Kinaweza kuwa na orodha ya vyombo vya kila shule na kanisa, pamoja na namba iliyochongwa juu ya kila chombo, ili kilichoibwa kikionekana sokoni kitambulike. Kinaweza kujua jina la msaidizi wa kila mwongozi, ili fanfari isibaki yatima hata juma moja.

Kuna sababu nyingine. Shule zetu za Kiprotestanti zinasimamiwa kwa mapatano ambayo makanisa na serikali walitia sahihi tarehe 26 Februari 1977. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020 shule za msingi za serikali ni za bure. Ni neema kwa wazazi, lakini kelasi zimejaa, na si rahisi tena kwa mkubwa wa shule kuwaomba wazazi mchango wa kununua ngoma. Mwongozi mmoja akienda kuomba, anaonekana anaomba kwa ajili yake mwenyewe. Waongozi kumi wakienda pamoja, wakiwa na orodha iliyoandikwa vizuri, wanasikilizwa kama watu wa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwanachama hai anafanya nini

Kuandikisha jina ni jambo la dakika mbili. Chama kinaishi kwa yale yanayofuata.

1. *Anafika.* Mkutano wa watu watano wanaofika kila mara una nguvu kuliko orodha ya watu hamsini wasioonekana.

2. *Anatoa mchango wake kwa wakati.* Uwe mdogo, lakini usikose. Katika likelemba kila mtu anafahamu kwamba asiyeleta sehemu yake anavunja mzunguko wa wote. Hakuna mwanachama wa jina tu. Chama kijifunze ukali huo. Tuliona mwaka 2025 benki za mji zikifunga milango. Mchango unaweza kupita katika simu, mradi mtunza feza aandike kila kiasi na kukisoma mbele ya wote.

3. *Analeta kitu.* Wimbo alioupanga, namna ya kufundisha kipimo cha muziki kwa watoto wadogo, njia ya kutengeneza pistoni. Anayekuja kila mara na mikono mitupu atachoka haraka, na wenzake watachoka naye.

4. *Anaruhusu wenzake wamsikilize.* Hapa ndipo penye ugumu. Mwongozi amezoea kupigiwa makofi na waamini. Hajazoea kuambiwa na mwenzake kwamba tromboni zake zinachelewa. Lakini makofi hayafundishi. Kwa hiyo kila mwanachama afungue mazoezi yake kwa wenzake, hata mara moja kwa mwaka.

5. *Anamtayarisha msaidizi.* Kijana, kijana mwanamume au mwanamke, anayejua nyimbo zote na anayeshika kijiti mbele ya watu, si mazoezini tu.

6. *Anakubali mzigo, tena anakubali kuutua.* Akichaguliwa kuwa katibu, anaandika. Muda wake ukiisha, anatoa daftari na funguo bila kuombwa mara mbili.

Mambo yanayoleta matata

Tunajua maneno yanayosemwa. La kwanza: «Chama ni cha komite, sisi wengine tunalipa tu.» Neno hilo linapata nguvu pale hesabu hazisomwi. Dawa yake ni hesabu kwenye karatasi, kila mkutano, hata kama katika sanduku kuna faranga elfu tano tu.

La pili: «Sina wakati.» Ni kweli, mwalimu wa Goma anatafuta maisha upande huu na upande ule. Basi chama kisimwite kila juma. Mkutano mmoja kila miezi mitatu, unaoanza saa iliyotangazwa na kuisha saa iliyotangazwa, unatosha kwa mwanzo.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: «Watanichukulia wapigaji wangu.» Tena wanaulizana: huyu ni wa 3e CBCA, yule ni wa 8e CEPAC, chama kitakuwa cha nani? Woga huu unaua vyama vingi kabla havijatembea. Unahitaji kanuni iliyoandikwa tangu siku ya kwanza: hakuna mwanachama anayemwita mpigaji wa mwenzake bila kuzungumza kwanza na mwongozi wake na viongozi wa kanisa au shule yake; na uongozi wa chama uzunguke kati ya jumuiya. Ujuzi wa si bemoli hauna jumuiya.

Upande wa sheria

Katika Kongo, vyama visivyotafuta faida vinafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Chama cha namna hiyo hakiundwi ili kuwagawia wanachama faida, na kinapewa utu wa kisheria na waziri wa sheria. Si lazima waongozi wasubiri karatasi hizo ndipo waanze kusaidiana. Lakini tangu mwanzo waandike statuti fupi: lengo la chama, nani anaweza kuingia, namna ya kutoka, mchango, muda wa komite, na vyombo vitakwenda kwa nani kama chama kikivunjika. Kipengele hiki cha mwisho watu wanakiruka, kisha wanagombana kwa ajili ya ngoma mbili.

Kwa wachungaji na wakubwa wa shule

Mwongozi wenu akiomba ruhusa ya kwenda kwenye mkutano wa wenzake, msione kwamba anawakimbia. Mpeni nafasi ya siku ile, na kama inawezekana, feza ya moto. Akirudi, mwulizeni swali moja: umeleta nini? Naye ajibu mbele ya wapigaji wake, chombo mkononi. Kisha mwulizeni la pili, ambalo ni zito zaidi: msaidizi wako ni nani? Kama hana jina la kutaja, kazi ya kwanza ya chama tayari inajulikana.