Magazini

Bunduki ya zamani ya .22 inayojipakia yenyewe ikijamu, fundi haanzi na mtutu; hutoa risasi zote, kisha hukagua magazini. Midomo yake ya bati ikipinda, au springi ikiliwa na kutu ya hii hewa yetu ya chumvi Tanga, risasi haipandi sawasawa. Tena risasi za .22 zina ukingo kitakoni, na wa moja hunasa nyuma ya mwenziwe.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, *makhazin*, maghala, lililozungukia Ulaya ndipo likatufikia. Hazina ni ndugu yake wa shina moja. (Gazeti si wa ukoo huo.) Askari wengi wa Wajerumani vitani Tanga, Novemba 1914, walibeba bunduki za Mauser za 1871, zilizopakiwa risasi moja moja kwa mkono. Bunduki zile zilikuwa hazina hazina.